Nilivyoiozesha Okidi ya Mama Skola

Wiki iliyopita Mwalimu Neema, jirani yangu aliyehamia hapa Ifakara kufundisha, aliniletea chupa ya kioo yenye kizibo. Ndani kulikuwa na kimea kidogo cha kijivu, majani yamejikunja, kitako kimekuwa cheusi kama tumbaku iliyotafunwa.

"Shikamoo, Mzee Egidi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea mgonjwa au maiti?"

Alicheka, lakini niliona ameumia. Alikinunua mtandaoni, kikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, na muuzaji alimhakikishia kwamba mmea wa hewani hauna shida yoyote. Basi akautafutia chupa nzuri, akawa anaunyunyizia maji kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kisha anafunga kizibo ili unyevu usitoke.

"Unaitwa mmea wa hewani," nikamwambia, "na wewe umeunyima hewa."

Nimekuwa mtunza bustani kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa nimestaafu, nina uzio wa miti nyuma ya nyumba na mimea imening'inia kama nguo zilizoanikwa. Ninyi vijana mnakuja kuipiga picha, mnaniuliza maswali, mnaondoka na vipande. Nafurahi sana. Lakini mnanisifu kana kwamba nilizaliwa nikijua. Ngoja niwaambie nilijuaje, maana mmea wa kwanza wa namna hii nilioushika niliuua karibu wote, na haukuwa wangu.

Mimi ni mtoto wa Mofu. Baba alikuwa mvuvi, mama alilima mpunga. Ujanani nilikwenda kukata miwa kwenye mashamba ya sukari, mgongo ukanishinda mapema, nikarudi bondeni kutafuta kazi nyepesi. Nikaipata hapa Ifakara, kwenye makazi ya watu waliokuwa wameugua ukoma. Niwaeleze vizuri: watu wale walikuwa wamepona. Walishameza dawa, wakamaliza, hawakuwa na cha kumwambukiza mtu. Lakini ugonjwa ulikuwa umewaachia ganzi mikononi na miguuni, wengine vidole vilikuwa vimepinda au kupungua, na wengi hawakuwa na mtu wa kuwapokea kwao. Kwa hiyo walibaki pale. Nilielezwa hayo yote siku ya kwanza. Niliitikia kwa kichwa. Halafu kwa miezi mingi nikawa napokea vitu kutoka kwao kwa kuwaambia, "Weka tu hapo chini, mama, nitachukua."

Mama Skolastika alikuwa mmoja wao. Tulimwita Mama Skola. Alikuwa mwanamke wa Mchombe, mrefu, mwenye sauti nzito na maneno machache. Kwenye dirisha la chumba chake ilining'inia okidi imefungwa kwenye kipande cha mti. Si hizi ndogo za kijivu mnazonunua. Hii ni ya huku kwetu, ina mashina manene yaliyosimama kama miwa midogo, na ikichanua hutoa maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Baba yake alikuwa amekuja kumtazama mara moja tu tangu aletwe. Alikuwa anasafisha shamba jipya la mpunga, akaangusha mninga, akaikuta okidi ile juu ya tawi. Akaikata pamoja na tawi lake, akambebea binti yake. Hakurudi tena, alifariki mwaka uliofuata.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichokiona ni mmea mchafu usio na udongo, umejaa majani makavu ya miti mingine, mizizi mingine imesimama kuelekea juu kama sindano. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kwamba mimea ya aina hii ni kama kupe, inanyonya damu ya mti. Nikauonea huruma mti, halafu kwa kuwa mti wenyewe ulikuwa kipande kikavu, nikauonea huruma mmea.

Mama Skola alipelekwa hospitali kutibiwa macho, akakaa huko wiki mbili na zaidi. Nikasema nitamfurahisha. Nilitafuta ndoo, nikatoboa matundu, nikachanganya udongo mweusi wa bondeni na samadi ya ng'ombe. Nikaing'oa okidi kwenye mti wake, nikakwangua ile takataka yote, nikazikata sindano zile, nikaipanda na kuishindilia vizuri kama mche wa mgomba. Nikaimwagilia asubuhi na jioni. Sikuwahi kufanya kazi kwa moyo kama ule.

Aliporudi alisimama mlangoni, jicho moja limefungwa bandeji. Nikamwambia, "Mama, tazama, nimeipa chakula."

Aliinama juu ya ndoo, akainamisha uso mpaka nikadhani anataka kuibusu. Akapitisha mdomo wake wa chini taratibu kwenye kila shina, kutoka juu hadi kwenye udongo. Shina moja, la pili, la tatu. Mengine yalibonyea yenyewe, yakatoa maji yenye harufu ya kinyesi.

"Hili limekufa," alisema. "Hili nalo. Hili limekufa. Hapa… hapa bado."

Ndipo nilipoelewa kwamba vidole vyake havikuweza kumwambia kitu. Mahali pekee ambapo ganzi haikumfika ni usoni. Kila nilichokuwa nakijua kwa kidole, yeye alikijua kwa mdomo: ubaridi, unyevu, ulaini wa kitu kinachooza. Na niwaambie ukweli, mpaka leo nikitaka kujua kama mzizi umekauka au bado una maji ndani, nafanya vile vile. Vidole vyangu vimeota sugu za jembe. Mdomo haudanganyiki kirahisi. Mke wangu anasema naibusu mimea kuliko ninavyombusu yeye.

"Nisamehe, mama," nilisema. "Sikujua."

"Nimeona kwamba hukujua," alisema. "Lete kisu kikali. Kipitishe kwenye moto kwanza."

Siku ile ndipo nilipoanza kazi, ile ya miezi iliyotangulia ilikuwa kufagia tu. Alinielekeza nikate mbali na palipooza, kwenye sehemu safi, nyeupe. Nipake majivu pale nilipokata. Nisitie maji siku tatu, niiache kivulini penye upepo, jeraha lifunge. Wengi wenu mkiona mmea unaumwa mnakimbilia maji. Mmea wenye kidonda haunywi. Uacheni.

Okidi nzima yenye mashina kumi na kitu ilibaki mashina mawili.

Siku ya nne alitaka ifungwe kwenye kipande kipya cha mti. Tulichagua mti mgumu wenye gome kavu lisilobanduka. Msitumie mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, na msitumie mti unaotoa utomvu. Mimi nilikuwa nimeleta waya niliouokota kwa fundi wa redio, ule mwekundu wa shaba. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana shaba huiunguza mimea hii polepole kama sumu, ila yeye pia hakulijua. Alitaka kuifunga kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwachia. Aliuzungusha waya kwenye mti, akaukaza kwa kiganja, akavuta kwa nguvu, huku akinieleza jinsi baba yake alivyofunga vizuri kuliko mimi nitakavyoweza.

Nikaona damu inadondoka juu ya gome.

Waya ulikuwa umezama kwenye nyama ya kidole. Yeye alikuwa bado anavuta, anazungumza, hajui kitu.

Sasa vijana, hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kuliko pale kwenye udongo na samadi. Nilikuwa nimekaa mbele yake, karibu kuliko nilivyo na ninyi. Kitu pekee kilichotakiwa ni kuushika mkono ule na kuusimamisha. Nikasimama. Nikarudi nyuma hatua mbili. Nikapiga kelele, "Mama Tekla! Mama Tekla, njoo!"

Mama Skola akaniangalia kwanza mimi, halafu mkono wake.

Muuguzi wetu, Mama Tekla, alikuja mbio, akaushika mkono, akaulegeza waya, akamsafisha kidonda na kukishona. Alipomaliza alinikuta nyuma ya jiko nimekaa juu ya gogo.

"Egidi, hawa walipona zamani. Unajua."

"Najua."

"Sasa unaogopa nini?"

Nilikuwa nimeelezwa, nilikuwa nimeelewa, na miguu yangu ilirudi nyuma yenyewe. Mama Tekla hakunigombeza. Alisema tu, "Ameona ulivyorudi nyuma. Macho yake hayajaharibika kiasi hicho," akaenda zake.

Jumapili ile baada ya misa nilipanda baiskeli mpaka Mofu kwa baba. Nilimwomba vipande vya wavu mchakavu, nikakaa naye barazani tukifumua nyuzi. Hakuniuliza za nini, mvuvi hashangai mtu akitaka nyuzi. Uzi wa wavu ni laini, haukati ngozi, hauozi kwa maji, wala haudhuru mmea. Sasa mnanunua gundi maalumu na klipu za plastiki. Hazina ubaya, gundi nimeijaribu na inashika. Lakini mimi bado nafungia uzi wa wavu, na kila mmea mnaouona nyuma ya nyumba yangu umefungwa hivyo.

Jumatatu nilimkuta Mama Skola ameketi kibarazani, mkono umefungwa bandeji, mashina yetu mawili yako juu ya kiti pembeni yake.

"Nimeleta uzi," nikasema. "Nataka unielekeze, nifunge mimi. Na huo mkono naomba niuone."

"Huna haja ya kujilazimisha, mwanangu. Nimezoea."

"Sijilazimishi, mama. Naona aibu."

Akaninyooshea ule mkono mwingine, usio na bandeji, kiganja juu. Nikaupokea. Ulikuwa mwepesi na wa moto kidogo, ngozi imekauka kama ganda la kitunguu. Tulikaa hivyo, nikiugeuzageuza nisijue natafuta nini, mpaka alipocheka.

"Tazama kati ya vidole," alisema. "Ndiko ninakojikata bila kujua."

Tangu siku ile huo ukawa utaratibu wetu. Kila asubuhi kabla sijashika fagio, nilikagua mikono na nyayo zake, kisha nikakagua okidi. Kwake nilitafuta malengelenge, miiba, mahali palipoungua kwa kikombe cha chai. Kwenye okidi nilitafuta doa jeusi, wadudu weupe wanaojificha kwenye maungio, mzizi uliosinyaa. Kuna mgeni mmoja alituona akasema maneno mazuri kuhusu mmea usio na udongo na watu wasio na kwao. Mama Skola alimsikiliza kwa adabu. Mgeni alipoondoka akaniambia, "Mimi nina kwetu. Kwetu ni Mchombe." Basi sijawahi kulirudia lile la mgeni.

Alinifundisha kwamba zile sindano nilizozikata ni mtego. Mizizi ile husimama juu ili kudaka majani yanayodondoka, majani yakioza ndiyo chakula chake. Kwa hiyo ile niliyoita takataka ilikuwa sahani yake. Alinifundisha kuutazama mzizi: ukiwa mweupe kama chokaa una kiu, ukimwagiwa maji ukageuka kijani umeshiba, acha. Majani yakiwa ya kijani kizito sana, yanakosa mwanga. Yakianza kuwa mekundu au manjano, jua limezidi, sogeza. Kumwagilia ni asubuhi, ili ifike jioni ikiwa imekauka. Hapa kwetu wakati wa masika msimwagilie kabisa, hewa yenyewe inatosha, na muangalie tu isirowe mfululizo. Kiangazi ndipo mtakapofanya kazi.

Hivi vyenu vya kijivu vilinijia baadaye, daktari mgeni alipohama akaniachia vitano. Nikavitunza kwa elimu ile ile. Vitumbukizeni kwenye maji nusu saa, mara moja au mbili kwa wiki, maji ya mvua yakipatikana, kwa sababu maji ya visima vyetu yana chumvi na chokaa. Kisha kigeuzeni kila kimoja kichwa chini, mkikung'ute kama mtu anayekung'uta mwavuli, maji yasibaki kwenye kitako. Na ule unga wa fedha kwenye majani msiufute! Ndio unaokunywa maji. Kulikuwa na dada mmoja wa usafi, mchapakazi kweli, aliona vyangu vina vumbi akavisugua kwa sabuni ya kufulia kimoja kimoja. Vilimeremeta. Ndani ya mwezi nilikuwa nimebaki na viwili.

Na jambo jingine: msipande juu ya miti msituni kwenda kuzing'oa okidi. Okoteni iliyoanguka na upepo au iliyoangushwa na shoka, basi. Okidi inachukua miaka kujishika. Yetu ilichukua mitatu kabla ya kuchanua tena.

Ilipochanua, macho ya Mama Skola yalikuwa yamebakiwa na mwanga na kivuli tu. Nilimpelekea mpaka usoni. Akapitisha mdomo kwenye ua, petali moja baada ya nyingine, akauliza, "Yana madoa?"

"Yana madoa, mama."

"Mengi?"

"Mengi."

"Ndiyo yenyewe," alisema, na akaniomba nimwache nayo peke yake.

Sasa niwaambie la mwisho. Muda mrefu baada ya hapo nilikwenda msiba Mchombe, upande wa mke wangu. Kwenye mkeka wa wanawake waliokuwa wanachambua mchele kulikuwa na mama mmoja wa makamo, anaitwa Veronika. Aliposikia ninakofanya kazi aliacha kuchambua. Baadaye alinifuata nilipokuwa nanawa mikono.

"Kaka, kuna mtu huko anaitwa Skolastika?"

"Yupo. Mzima."

"Ni dada yangu. Nilikuwa mdogo walipompeleka. Tulikatazwa kumfuata." Alifuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. "Halafu nikawa mtu mzima, hakuna aliyenikataza tena, na sikwenda. Sasa nitamwambia nini?"

"Mpe habari za Mchombe," nikamwambia. "Hizo ndizo anazoniulizaga mimi, na mimi sizijui."

Alikuja baada ya mavuno, na kifuko cha mchele mpya na samaki wawili wa kitoga waliobanikwa. Nilimfikisha kibarazani. Akasema shikamoo akiwa amesimama. Nikamwekea kiti, na nikaona anakivuta nyuma kidogo kabla ya kukaa. Hatua mbili zile zile.

Mama Skola alikisikia kiti kikiburuzwa. "Kaa hapo hapo kwenye upepo, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Leo kuna joto."

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilifanya la kila siku. Nilipiga magoti nikaushika mkono wa Mama Skola, nikaanza kukagua kati ya vidole. Nikakuta mwiba wa mlimao kwenye kiganja. Nikautoa.

"Hajashtuka," Veronika alisema. "Haumii?"

"Hasikii."

"Na akijiumiza mkiwa hampo?"

"Ndiyo maana tunamtazama kila asubuhi."

Ndugu wale wawili wakaanza mazungumzo, moja moja, kama watu wanaojaribu kina cha maji kwa fimbo. Nani ameolewa wapi. Nani amekufa. Lile shamba la baba lililokuwa na mninga sasa linalimwa na nani. Mchana jikoni walileta wali na kitoga kwenye sahani mbili, moja ya kila mtu, na mimi nikapewa yangu pembeni. Sahani ya Mama Skola ilikuwa na kichwa cha samaki, maana wapishi walijua anakipenda. Alikula taratibu, akitafuta tonge kwa kijiko, akisimulia jambo la mama yao.

Veronika alikuwa ameacha kula. Alikuwa anaitazama sahani ile. Halafu akakisogeza kiti chake, kikakwaruza sakafu mpaka magoti yao yakagusana. Akanyoosha mkono, bila kuomba, akakinyakua kichwa cha kitoga kutoka kwenye sahani ya dada yake, akakitia mdomoni, akakinyonya mfupa machozi yakimtoka.

Kijiko cha Mama Skola kikapapasa sahani. Kushoto, kulia. Kikasimama.

"Wee Vero," alisema, na sauti yake nzito ikaanza kutetemeka kwa kicheko. "Miaka yote hiyo hujaacha wizi?"